Choo cha Bi Mkubwa

Seremala aliachiwa paka mzee na bintiye, aliyekwenda ng'ambo kufanya kazi ya uuguzi. Paka huyo walimwita Bi Mkubwa, maana alitembea taratibu, magoti yamekaza, na hakupenda kuulizwaulizwa.

Zamani alijisaidia uani. Ua ulipotiwa saruji, akahamia kona ya nyuma ya mlango. Seremala akaona hilo haliwezi kumshinda fundi mzima. Akaranda mbao, akaunda kisanduku chenye paa na kilango, akakipaka vanishi kikang'aa kama kabati la bibi harusi. Bi Mkubwa akanusa, akapiga chafya, akaenda kujisaidia kwenye ndara za fundi.

Jioni binti akapiga simu. Kwa kawaida alipiga Jumapili tu, tena mbiombio.

"Shikamoo, baba. Bi Mkubwa hajambo?"

"Marahaba. Kanikomesha!"

Aliposimuliwa, binti alicheka mpaka akakohoa. "Harufu ya vanishi hiyo, baba. Halafu paa la nini? Nitapiga kesho nijue."

Akapiga kesho yake, na keshokutwa yake. Mara choo kisikae karibu na chakula. Mara mchanga usiwe na manukato, uwe na kina cha vidole vinne. Seremala akatwaa beseni pana, akalikata ubavu mmoja kwa msumeno ili magoti ya Bi Mkubwa yasipate tabu, akalainisha makali kwa msasa. Akaliweka chumbani kwa binti, palipokuwa na utulivu. Kitanda kilikuwa bado kimetandikwa.

Asubuhi akakuta mchanga umefukuliwa na kufukiwa vizuri. Akafurahi, kisha furaha ikamtoka. Simu ilipolia, akajisikia akisema, "Bado, mwanangu. Ananisumbua tu."

Alidanganya siku nne. Siku ya tano alikuwa amekaa kitandani kwa binti, simu sikioni, akiilalamikia ile kona ya nyuma ya mlango, Bi Mkubwa alipoingia, akapanda besenini na kuanza kufukua: kwaru, kwaru, kwaru.

"Baba, nini hicho?"

"Ndiye Bi Mkubwa. Ameshazoea, siku ya tano leo. Nilihofia utarudi kwenye Jumapili zako."

Binti hakucheka.

"Na mimi huku kutwa nzima natafuta la kuuliza kuhusu paka," akasema. "Haya, niambie. Leo umekula nini?"

Akamwambia, hata jinsi chumvi ilivyozidi.