Antena Puani

...na hii skrubu nayo imeamua kunichezea, ingia basi, ukidondoka tena chini ya pedali nitakutafuta mpaka magoti yaote sugu, mtu mzima wa miaka hamsini na nane nimelala chali ndani ya glaida, ndege isiyo na injini, kichwa chini ya dashibodi, miguu inaning'inia nje, na huko nje binti yangu kaegemea bawa anaongea, anaongea tangu aingie karakanani, namsikia nusu nusu, "...kwa hiyo baba nimeamua, kitabu namrudishia mwalimu kesho...", kitabu chake cha safari za angani, saa arobaini na moja, nazijua zote kwa sababu kila akitua ananipigia, leo nimefika mita elfu mbili baba, bila injini baba, hewa ya joto tu inanibeba, kana kwamba mimi sijui, mimi niliyeanza kuzifungia ndege hizi redio na vipimo hata yeye hajazaliwa... haya, skrubu imeingia, sasa antena, kijiti cheusi urefu wa kalamu, nimekichomoa puani mwa ndege dakika tano zilizopita na mpaka sasa nimekishika tu, siweki popote, kwa sababu anaisimulia tena ile Jumamosi, alikuwa anazunguka ndani ya hewa inayopanda, mara glaida nyingine ikatokea chini ya bawa lake la kushoto, karibu hata akaona rangi ya kofia ya mwenzake, akapinda, wakapishana, na kile kidude cha kuonya kimya, hakikulia, hakikuwaka, na kazi yake ndiyo hiyo tu, kuambizana kwa redio, kupitia antena hii, na cha mwenzake, mimi niko hapa, wewe uko wapi, kisha kupiga kelele kabla hamjagongana, na mwalimu wake akaandika kitabuni kwamba mwanafunzi hakuangalia nje, na yeye kakubali, hapo ndipo ninapoumia, kakubali, mama yake ananiambia mwanao anazungusha chakula kwenye sahani mpaka kinapoa, "...labda macho yangu hayafai, labda mimi si mtu wa kuruka...", macho yanafaa mwanangu, antena ndiyo haifai, hapana, antena haina kosa lolote, fundi ndiye, sema basi, fundi gani, mimi.

Pua, wewe mzee na pua zako, miaka ishirini naweka antena puani, kwenye zile glaida za zamani za faibaglasi, humo redio inapita bila shida, waya hauonekani, watu wanachungulia, fundi waya umepita wapi, nami nacheka, kazi safi haionekani bwana, nikavimba kichwa, halafu ikaja hii mpya, ya kaboni, nyeusi tii ndani, niliiona, niliigusa kwa mkono huu, na mkono huohuo ukaenda puani wenyewe, mazoea yana taabu, kaboni inazuia redio, ni kumfungia mtu ndani ya sufuria kisha kumlaumu kwamba haitiki, na taa ya kijani ikawaka nikairidhia, ilhali wanaokuja kujifunza kwangu nawakemea kila siku, taa inakwambia umeme upo, haikwambii kama unasikika, kweli nyani haoni kundule, leo asubuhi ndiyo nimesoma kumbukumbu za kidude, badala ya kumsikia mwenzake kilomita tano kinamsikia mita mia tatu, mita mia tatu, hapo hata salamu huwahi kutoa... na hakuna anayejua, hilo ndilo baya, nikiihamishia juu ya dashibodi, wima chini ya kioo, mbali na dira, nikasema nimeboresha kidogo, nani ataniuliza, mwalimu mwenyewe hajui kutofautisha antena na njiti ya mswaki, jina langu litabaki safi, na huyu abaki chini anaangalia wenzake wakipaa, aamini macho yake mabovu mpaka azeeke, eti kwa ajili ya jina la baba yake, aah, jina gani hilo, "...na kwa kweli niliogopa sana baba, mikono ilitetemeka nilipotua tu, kule juu haikutetemeka...", ngoja, kasemaje, kule juu haikutetemeka, ngoja kwanza, kidude kilikuwa kiziwi, hakuna aliyemwambia pinda, redio haikumwambia, mwalimu yuko chini, mimi niko nyumbani nakunywa chai, na mwenzake anatokea kwa chini, upande ambao mtu haoni asipogeuza shingo makusudi, sasa alipindaje, alipindaje kama hakuangalia, Mungu wangu, tangu asubuhi nafikiria antena tu, pua, kaboni, aibu yangu, sikuwahi kujiuliza kwa nini bado yu hai anaongea... "Mwanangu," nasema, na sauti inanirudia kwenye dashibodi kana kwamba naongea na nyaya, anasema abee baba, nami bado nimelala chali, antena bado mkononi, miguu bado nje, sijui lini mara ya mwisho kifua kilikuwa chepesi hivi, "antena niliiweka mahali pabaya mimi, kesho nitamwambia mwalimu kwa mdomo wangu," bawa linalia kidogo, ameacha kuliegemea, "umesemaje baba?", nasema kidude hakikuwa kinasikia, kosa langu, ulikuwa peke yako kule juu na uliangalia, uliangalia mwanangu, ndiyo maana nakusikia.