Nukta ya Dada Sikitu

Usiku wa jana niliota nimeitwa kwenye kikao cha nidhamu na herufi. Sina kawaida ya kuota. Nikilala, nalala.

Nieleze kwanza. Dada Sikitu alikuwa anaondoka asubuhi. Amefanya kazi kwangu miaka tisa, kanilelea pacha, Kulwa na Doto, tangu wana miezi mitatu. Alikuwa anarudi Same kuishi na binti yake, ambaye miaka yote hiyo alilelewa na bibi. Mimi nina diploma ya uhazili, kwa hiyo jana ofisini nilimchapia hati ya shukrani. Nilichagua zile herufi za kompyuta zinazofanana na mwandiko wa mkono, zimelala kidogo, zina mikia, kama mtu kaandika haraka akiwa na furaha. Halafu nikaziweka zote kubwa ili zionekane rasmi: UONGOZI WA FAMILIA UNATOA SHUKRANI ZA DHATI KWA UTUMISHI WAKO ULIOTUKUKA.

Basi, kikao kiko jikoni kwangu, ila viti ni vya ofisini. Mwenyekiti ni herufi S, amekaa juu ya kopo la sukari. Herufi kubwa zimejipanga mstari kama nilivyoziamuru, na hazienei. Mkono wa H umenasa kwenye sketi ya A. K amemkanyaga R mkia.

"Mbona mnapiga kelele?" nauliza.

"Si umetuweka wakubwa watupu?" anasema S. "Sisi hatushikani mikono, Mama Kulwa. Kazi yetu ni kutangulia. Wanaoshikana ni wadogo, na umewafungia nje."

Nafungua mlango. Herufi ndogo zinaingia zimeshikana mikono, foleni moja, kwa kasi. Kwenye kizingiti i anajikwaa, nukta yake inadondoka na kubingirika chini ya jiko la gesi. Naiokota. Naifunga kwenye pindo la khanga isipotee tena.

"Utanirudishia?" anauliza i.

"Nikimaliza kazi. Haya, andikeni."

Wanaandika *Uongozi wa familia*, kisha wote wanakaa chini. Mmoja anaomba chai.

"Hatuwezi," anasema g, ambaye tumbo lake ni kubwa kuliko la wenzake. "Haya maneno yamevaa suti. Sisi tunaandika keki. Kadi za harusi. Kibao cha saluni. Lebo ya chupa ya achari. Kitu ambacho mtu angekisema kwa mdomo wake, tena kwa ufupi. Mkataba, hapana. Na chini ya saizi kumi na nne macho yanatuuma."

"Mimi sina muda wa kubembelezana na herufi."

"Kiongozi wa familia ni nani?"

"Mimi."

"Basi sema *mimi*."

Nageuka nitafute kijiko nimtishie. Jikoni pamekuwa chumba cha mtihani cha chuo. Nimekaa dawati la mbele. Msimamizi ni y, mkia wake umefika hadi mlangoni, na watahiniwa wanauruka.

Dirishani namwona Dada Sikitu, msichana wa miaka kumi na tisa. Doto yuko mgongoni, Kulwa yuko mkononi. Anatembea juani, huku na huko, huku na huko, ili wasilie nikashindwa kuandika. Hapa ndoto haikubuni chochote. Ndivyo ilivyokuwa, mitihani yote sita. Nilikuwa natoka, nanyonyesha, nakimbilia karatasi inayofuata. Sikumbuki kama niliwahi hata kumuuliza amekula nini.

Karatasi yangu ina swali moja: *Alifanya nini? Jibu kwa ufupi.*

"Utumishi uliotukuka," naandika.

"Sifuri," anasema y. "Chungulia dirishani uandike unachokiona. Leo inaruhusiwa."

Nachungulia. Naandika: *Dada Sikitu, ulitembea juani na wanangu ili mimi nisome. Diploma ile ni yetu wawili. Asante.*

Herufi ndogo zinasimama zenyewe, zinashikana mikono, zinapanda kwenye karatasi bila kusukumwa. S anatangulia kwenye jina la Sikitu, hakanyagwi na mtu.

"Sasa nukta yangu," anasema i.

Nashika pindo la khanga. Fundo limekaza. Navuta, navuta, nikaamka.

Kumeshapambazuka. Dada Sikitu alikuwa jikoni anaosha vikombe, siku yake ya mwisho, na begi lake liko mlangoni. Nilitoa ile hati kwenye mkoba nikaichana. Nikachukua karatasi nyeupe na kalamu, nikakaa mezani.

"Mama, kompyuta imeharibika?" akauliza. "Leo unaandika kwa mkono!"

"Osha vikombe."

Niliziandika zile sentensi tatu fupi za kwenye mtihani. Sikupata shida hata kidogo. Hata mwandiko wenyewe ulilala vizuri. Nikamwita akae. Alisoma polepole, akarudia. Alijifuta macho kwa kiganja chenye povu. Kisha akaanza kukwangua jina lake kwa ukucha.

"Mama, nukta hii ya kwanza umeiweka kwa kitu gani? Inacheza."

Nikatazama khanga yangu. Pindo lilikuwa na mikunjo ya fundo lililofunguka.

"Iache," nikamwambia. "Imechoka. Haikulala kwake jana."