Sungura Aliyefuliwa

Nilimfua sungura wa watu. Nianze na hilo, maana ndilo kila mtu anataka kulisikia, acheke, kisha aniulize kama nilimpiga pasi pia.

Mimi kazi yangu ni kufua. Nafanya kazi chini kabisa ya hoteli, chumba hakina dirisha, mashuka yanaingia machafu mlango huu yanatoka yamekunjwa mlango ule, na katikati niko mimi na mvuke. Nikirudi nyumbani miguu imevimba, viatu havitaki kutoka. Siku zile sikuwa natamani utajiri wala safari. Nilitamani kukaa sebuleni kwangu peke yangu, nitazame ukuta, basi.

Sebuleni alikuwepo wifi. Ni mdogo wa mwisho wa mume wangu. Alikuwa amemkimbia mumewe, mwanamume mwenye mkono mwepesi, na kwa kuwa miaka yote alikuwa akiuza dukani kwa huyo huyo mume, siku aliyotoka kwenye ndoa alitoka na kwenye kazi. Akaja kwetu na sanduku moja na kizimba kimoja. Tukamlaza kwenye kochi. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Miezi ilikatika, jembe sina, na kochi sina.

Kizimbani alikuwemo sungura mdogo, uso bapa, masikio yamemlalia mashavuni. Mara ya kwanza nilimhurumia, nikamuuliza wifi ni nani aliyemvunja masikio kiumbe huyu. Akacheka. Akasema ndiyo aina yake: akiwa kichanga yanasimama, akikua kidogo yanaanguka, na yakishaanguka hayainuki. Na mwili ndio huo, hazidi hapo, anatosha mapajani. Jina lake Hasikii. Nikasema masikio hayo angepewa mtu kama mimi, msimamizi akianza kufoka nayashusha.

Kusema kweli hakuwa na shida. Halii, habweki, ana kona yake ya kujisaidia na anaijua. Kutwa anatafuna majani makavu, mdomo unakwenda mbio. Siku moja alijitupa ubavu sakafuni, pu, miguu imenyooka, nikapiga ukelele nikijua amekufa. Wifi hata hakuinuka. Akasema huyo anajipumzisha, akiona pametulia hujitupa hivyo. Nikamwambia na mimi nikijitupa hivyo nikirudi kazini asiite majirani.

Basi mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la safari ndefu na hiyo sebule anaiona kwa nadra, akapiga simu. Akasema nyumba imekuwa ndogo, nimwambie dada yake atafute pa kwenda. Nikamwambia ni dada yako, mwambie wewe. Akasema mambo hayo ni ya wanawake. Wanaume bwana! Wamelala tumbo moja, halafu wa kutoa taarifa ni mimi. Na sote tulijua pa kwenda hana. Wazazi wao wametangulia mbele ya haki. Akitoka kwangu, anarudi kwa yule mwanamume.

Nikasema haya, nitamwambia Jumapili, siku yangu ya kupumzika. Nisiwe mnafiki: nilitaka aende. Si kwa chuki. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hana wema wa kugawa.

Jumapili wifi akatoka asubuhi, kasikia kuna duka linatafuta muuzaji. Nikabaki na Hasikii. Nikasikia harufu, nikamwinua, nikaona nyuma amejilowesha, manyoya yamekuwa rangi ya chai. Nikajisemea, kabla sijampa mwenyewe maneno machungu, angalau nimsafishie mnyama wake. Na wema ninaoujua mimi ni mmoja tu: maji ya vuguvugu, sabuni, suuza mara mbili. Nikajaza beseni.

Hakupigana. Alikaa tu, na mimi nikadhani anaona raha. Nilipomtoa alikuwa amebaki nusu, manyoya yamemganda mwilini, masikio baridi, macho wazi lakini hayatazami kitu. Nikampa majani, hakuyagusa. Nikamsogezea puani, hakunusa.

Wifi akaingia. Kazi hajapata, nilijua tangu alivyofungua mlango. Akauliza sungura amelowaje, nikasema nimemfua, neno lilitoka hivyo hivyo. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningepumua.

"Sungura hafuliwi, wifi," akasema. "Baridi inamwingia, na hofu inaweza kumuua. Ukimwona amenyamaza vile, hajatulia. Anaogopa mpaka ameshindwa."

Halafu akaniomba samahani. Yeye, mimi! Eti alipaswa kuniambia mapema, eti kosa lake. Nikakumbuka kwamba tangu aje kwangu kila siku ananiomba samahani kwa jambo fulani, kwa kumwaga maji, kwa kukohoa, na mimi nilikuwa naitikia tu, haya.

Nikawasha pasi. Nikalipasha taulo moto, nikalipima shavuni kwangu, nikampa wifi. Akamfunga sungura, akamkanda taratibu, likilowa analirudisha, nampa jingine. Ni kazi ninayoifanya kila siku, lakini kwa mara ya kwanza niliogopa kuikosea. Akanieleza kwamba sungura asipokula, tumbo linasimama, na likishasimama hakuna tena. Kwa hiyo tukawa tunatazama mdomo. Mchana wote, watu wazima wawili tunatazama mdomo wa sungura.

Jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili pua ilipoanza kucheza. Wifi akashika unyasi mmoja, akamwekea. Hasikii akauvuta. Tukausikia unasagika menoni, krup krup krup, kisha akataka mwingine. Nikakaa sakafuni na kulia, jitu zima, kamasi zikinitoka, wala sikuona aibu.

Wifi akanipapasa bega.

"Usijali," akasema. "Nilisikia simu yako na kaka. Nimeshafunga sanduku tangu jana. Akikauka tu, tunaondoka."

"Mnakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nimempigia mume wangu, amesema nirudi."

Alisema hivyo huku anamtazama sungura, kwa sauti ile ile ya kuomba samahani. Nikaangalia nyuma ya kochi. Sanduku lilikuwa limefungwa kamba, na juu yake viatu vyake, vimefutwa vumbi.

Sikuwa nimepata mapumziko hata kidogo siku ile. Mgongo unauma, kesho mashuka yananingoja, na mtu mwenyewe ameamua kunipa sebule yangu bila hata mimi kufungua mdomo. Ningesema haya, safari njema. Neno ni dogo tu.

Nikanyoosha mkono nikamshika Hasikii masikio. Yalikuwa makavu, laini, yana joto mpaka ncha.

"Bado," nikasema.

Wifi naye akayashika. "Yamekauka, wifi."

"Mfuaji humu ndani ni nani? Nikisema bado, ni bado. Nimechoka, ndiyo. Nimechoka na mashuka, nimechoka na kaka yako, nimechoka na hii miguu. Wewe sijakuchoka. Kwa yule mtu hurudi."

Akainamisha uso kwenye taulo, kimya, kimya kile kile, na mara hii sikudhani ametulia. Nikamshika mkono. Simu ikaanza kuita mezani, jina la mume wangu likiwaka, nikaiacha iite.