Pedi ya Nane

Dakika ya kumi na moja, kama kawaida yake, skrini ilitoa mistari ya kijani. Jamleck hakushtuka. Alisonya, akazima kompyuta, akachomoa kadi ya grafiki na kuitazama kama mtu anavyomtazama shemeji aliyekuja "siku mbili tu" na sasa ni mwezi.

Kadi hizo, Duma 6, zilikuwa zimeingia Nakuru kwa wingi, kila mwenye ukumbi wa gemu akazichangamkia. Sasa zilikuwa zinakufa kwa foleni, zote kwa ugonjwa mmoja. Dawa ya Jamleck ilikuwa ni kuipiga chipu kuu hewa moto mpaka ishike adabu. Kadi ilienda nyumbani inapumua. Wiki mbili baadaye ilirudishwa mezani kwake maiti.

"Jamo, wewe si fundi, wewe ni mpishi," alisema Odero, muuza kava za simu wa pale mlangoni. "Bado tu kukata dania."

Koridoo nzima ya mafundi, pale mtaa wa Free Area, ilicheka. Lakini kicheko kilichomchoma kilikuwa kile kidogo kabisa, cha Emmy, wa meza ya mkabala.

Emmy alikuwa na miezi mitano tu hapo. Katika miezi hiyo, wateja waliokuwa wakimwita Jamleck "daktari" walijifunza kumpungia mkono, "Niaje Jamo," huku wamekumbatia laptopu zao kumpelekea msichana. Mama wa chai naye alikuwa ameanza kumhudumia Emmy kwanza. Jamleck aliliona hilo. Aliona kila kitu: taa mpya ya Emmy, bisibisi zake zilizopangwa kwa urefu kama watoto wa paredi, hata jinsi alivyopuliza vumbi, taratibu, kama anapoza uji wa mtoto. Usiku alijikuta akipuliza vivyo hivyo. Akajichukia.

Kilichomfariji ni kimoja tu. Duma 6 ilikuwa imemshinda Emmy pia.

Asubuhi ile Madam Mercyline aliteremka kutoka Milimani, alikokuwa na ukumbi wa gemu wa mashine kumi na mbili, zote Duma, nusu yazo zimelala. Aliweka kadi moja kwa Jamleck, nyingine kwa Emmy.

"Nimechoka na hadithi," alisema. "Saa nane narudi, tunawasha zote mbili hapa hapa. Itakayomaliza saa nzima, fundi wake anachukua kazi ya mashine zangu zote. Mwingine tutaendelea kusalimiana."

Saa sita na nusu, Jamleck alikuwa ameichoma yake mara mbili, na mara mbili mistari ilikuwa imerudi. Emmy alisimama, akajinyoosha.

"Jamo, niangalizie meza nikule kitu."

Kuangaliziana meza ilikuwa sheria ya koridoo. Aliyeachiwa meza hata mteja wa mwenzake hakumgusa, alimwambia tu, "Ngoja, anakuja." Jamleck aliitikia kwa kichwa. Kisha akavuka.

Kadi ya Emmy ilikuwa wazi, bati lake la kupoza limewekwa kando. Hakugusa kitu. Aliinama tu, mikono nyuma, kama mtu anayeuaga mwili wa marehemu. Na akaona. Emmy hakuwa ameichoma chipu kuu hata kidogo. Alikuwa ametoa zile pedi laini zinazopitisha joto kutoka kwa chipu ndogo za memori, akaweka nene zaidi. Pedi za kiwandani zilikuwa nyembamba. Hazikufika kwenye bati, kama mtu wa mkono mfupi kwenye salamu. Memori zilikuwa zikiungua huku Jamleck akiadhibu chipu isiyo na kosa.

Ilikuwa rahisi hivyo. Ndiyo maana ilimuuma hivyo.

Akahesabu pedi: nane. Kwenye ile ya nane, plastiki ya juu, ile ya kubandua, ilikuwa bado ipo. Emmy alikuwa ameisahau. Joto la chipu ile lisingepita.

Jamleck alirudi kwenye meza yake. Alichomoa pedi kwenye sanduku, akazikata, akazibandika mbili mbili ili ziwe nene. Aliporudi Emmy akipangusa mikono na kusema, "Asante, boss," Jamleck alikuwa tayari anakaza skrubu ya mwisho. Alimtazama akifunga yake. Plastiki ikafungiwa humo ndani.

Saa nane wakawasha. Gari jekundu la gemu ya majaribio likaanza kushindana lenyewe kwenye skrini zote mbili. Dakika ya kumi na moja ikapita. Odero akapiga mluzi.

"Jamo, usiangalie yangu hivyo," Emmy alimtania. "Utaichoma kwa macho."

Dakika ya thelathini na nne, mistari ikapanda kwenye skrini ya Emmy.

"Haya," Madam Mercyline alisema, akiinuka na kufunga mkoba. "Kumbe wewe pia ni kubahatisha. Jamleck, yako ikimaliza saa, kesho asubuhi kwangu."

Jamleck alikuwa ameyaomba maneno hayo miezi mitano. Yakaja. Emmy alikuwa ameketi, mdomo wazi kidogo, kidole juu ya mchoro wa pedi aliouchora kwa penseli kwenye daftari lake.

"Basi si pedi," alijiambia. "Wiki tatu najidanganya. Si pedi." Akaanza kuukwaruza ule mchoro, taratibu, mstari baada ya mstari.

Katika Nakuru nzima mtu mmoja tu alijua kwamba ni pedi.

"Ni pedi," Jamleck alisema.

Penseli ikasimama.

"Ya nane. Hukubandua plastiki."

Odero aliacha kutafuna. Madam Mercyline aliketi tena. Emmy alizima, akangoja, akafungua skrubu nne bila kuinua macho, akaikuta. Aliibandua kwa ukucha, akaiinua kwenye mwanga, kipande kidogo cha buluu.

"Wewe umejuaje?" aliuliza.

Jamleck alianza kukusanya vipande vya pedi vilivyobaki mezani kwake. Emmy alimtazama, kisha akaitazama kompyuta iliyokuwa ikinguruma nyuma yake, haina mstari hata mmoja. Alichukua bisibisi yake ndogo kabisa. Akavuka koridoo.

"Zima," alisema. "Nifungue hiyo yako."

Kidole cha Jamleck kilifika kwenye swichi, kikatulia hapo. Kwenye skrini, gari jekundu lisilo na dereva lilipita mengine yote, likakata kona, likaingia mzunguko mwingine.