Saa Zilizoongezeka Nchi Kavu

Mwaka ule petroli ilipanda mara tatu kabla ya Kwaresima kwisha, na kila ilipopanda uwanja wa boti aliousimamia Nevenka ulizidi kujaa. Watu walileta boti zao, kreni ikazinyanyua, zikakalishwa juu ya miguu ya chuma, na kila moja ikabandikwa karatasi puani: Inauzwa. Kufikia Machi zilikuwa tisini na ushee, safu kwa safu, nyeupe pepepe, pua zote zimeelekea baharini kama ng'ombe waliofungwa kamba mbele ya maji wasiyoruhusiwa kunywa.

Ya Krsto ilikuwa safu ya tatu. Ilikuwa na urefu wa mita nane, injini mbili za petroli, na ubavuni jina la mkewe, Perina, ambaye walimzika msimu wa kuchuma zeituni. Boti hiyo Krsto aliinunua zamani zile benki zikitabasamu na mawaziri wakisimama kwenye televisheni kusema bahari itatutajirisha sote. Ili apate malipo ya kwanza aliuza boti ya mbao ya marehemu baba yake, ile ya dizeli iliyokwenda tu-tu-tu na kunywa kama ndege. Sasa mambo yamegeuka kichwa chini miguu juu. Boti za mbao zenye injini ndogo zinagombewa, na hizi za mbio, zinazomaliza lita themanini kwa saa moja, huwezi kumpa mtu hata bure. Nani aliyepanga hivyo? Si Krsto. Waliopanga wanatembelea visiwa kwa boti za serikali, na tangi analijaza mlipa kodi.

Nevenka hakuwa mwanamke mbaya. Krsto alimjua tangu siku alipobatizwa. Mwezi wa pili alimfuata Krsto mkahawani, akamwambia kwamba wakubwa wa bandari wameuza nusu ya uwanja kwa watu wa hoteli, na kwamba boti zote za safu ya tatu na ya nne ambazo hazitakuwa zimepata mnunuzi ifikapo mwisho wa Machi zitakatwa kwa msumeno na kutupwa jaani. Mwenye boti ndiye atakayelipia msumeno.

"Nimepiga kelele, mjomba, mpaka sauti imekauka. Wamenionyesha karatasi. Uza tu, hata kwa bei ya kutupa."

Gharama ya msumeno Krsto angeimeza, kama alivyomeza mengine. Lililomnyima usingizi ni yale maandishi ubavuni. Aliuona msumeno ukiingia kati ya herufi na herufi. Mwanamke amezikwa mara moja, inatosha. Akaapa kwamba boti itauzwa, itakwenda kwa mtu mwingine nzima nzima, na yeye hataiona tena.

Basi, anayenunua farasi hutazama meno, na anayenunua boti iliyotumika hutazama saa za injini. Pale kwenye usukani kuna kijisanduku chenye tarakimu za magurudumu, zinazojisogeza injini inapofanya kazi, na hakuna namna ya kuzirudisha nyuma. Krsto alikuwa ametangaza saa 611.4, na kwa boti ya umri ule hizo ni chache, ni za kujivunia. Mnunuzi wa kwanza, daktari wa meno kutoka Slovenia, alifika baada ya wiki mbili, akapanda ngazi akachungulia, akashuka uso umembadilika.

"Mzee, umeandika mia sita na kumi na moja. Hapa pameandikwa mia sita na kumi na tatu nukta nane."

Krsto alimwambia hilo haliwezekani, boti haijagusa maji kwa majira mawili ya joto, betri iko nyumbani kwake chini ya sinki, na tangi limekauka mtu anaweza kulala ndani. Daktari alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema katika kazi yake pia wapo watu wanaokana hata jino lililo mdomoni mwao. Akaondoka. Krsto akapanda mwenyewe. Tarakimu zilikuwa vile vile alivyosema mgeni: 613.8.

Alidhani ni vijana wa uwanjani wanafanya mchezo. Akamwita fundi wa Nevenka, wakafungua kila kitu, hakuna waya uliounganishwa. Wakakifunika kile kijisanduku kwa karatasi ya gundi, Krsto akatia sahihi juu yake. Jumatatu iliyofuata karatasi ilikuwa haijabanduliwa, na chini yake iliandikwa 615.0. Jumatatu nyingine, 616.2. Hapo ndipo fundi alipozunguka nyuma ya boti akamwita kwa sauti ndogo. Propela zote mbili zilikuwa zinadondosha maji, na katika moja umening'inia mwani mbichi, wa kijani, wenye harufu. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku tisa. Fundi akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, akakiondoa upesi kama mtu aliyegusa sufuria jikoni.

"Ni ya moto, mjomba," akasema. Akakusanya spana zake, na tangu siku hiyo akawa anaizunguka safu ya tatu kwa mbali, hata akitumwa.

Krsto hakumwambia yeyote kwamba anajua ni safari gani inayochukua saa moja na dakika kumi na mbili. Ni ya kwenda Tratica. Ghuba ile ya kisiwani ilikuwa ya ukoo wa Perina: mizeituni thelathini, kibanda cha mawe, kisima cha mvua, na kijigati ambacho babu yake alikijenga kwa mikono. Walikwenda kila Jumapili, na kila walipofika Perina alitazama saa yake akasema, "Saa moja na kumi na mbili, mzee wangu. Wewe si nahodha, wewe ni dereva wa basi."

Na jioni walirudi. Hilo ndilo lililomtisha Krsto. Kwenda na kurudi kungekuwa mbili nukta nne. Hii iliongeza moja nukta mbili tu, kila wiki, kama mtu anayeondoka na kuondoka na hafiki.

Julai ile ya ugonjwa Perina alimwomba ampeleke Tratica. Hakuomba kingine. Krsto alimwambia wasubiri petroli ishuke, waziri ameahidi Agosti. Agosti ikapanda. Septemba ikapanda tena, na Perina akaacha kuomba. Mkahawani Krsto alikuwa anaisimulia habari hiyo kila siku, akigonga meza: serikali hii imemnyima mke wangu bahari yake. Watu walitikisa vichwa, na wengine walimlipia kinywaji.

Juma la mwisho la Machi akaja Zdravko. Huyu alikuwa mchuuzi wa boti kutoka bara, mnene, mcheshi, mwenye gari la kukokotea boti. Kazi yake ilikuwa kununua boti za mbio zilizokosa soko, kung'oa injini zinazokula, kutia injini moja ndogo ya dizeli, na kuziuza kwa watu wa maziwani. Habari za saa zile alikuwa amekwisha kuzisikia, na hazikumtisha.

"Mimi, mjomba, nimenunua boti ya maiti, nimenunua ya mfungwa, nimenunua ya padri. Iliyonisumbua ni ya padri."

Akataja elfu sita, kama boti itatembea vizuri majini. Krsto alitaka tisa, lakini siku zilikuwa zimebaki tatu. Wakakubaliana waijaribu Ijumaa.

Desturi pale ni kwamba siku ya majaribio mwenye boti ndiye anayetia mafuta. Krsto alisimama kwenye pampu akitazama bei ikikimbia kuliko lita, akawalaani mawaziri kwa majina, mmoja mmoja, na alipofika lita thelathini akachomoa mpira. Thelathini zingewafikisha kwenye rasi na kuwarudisha, basi. Nevenka aliwashusha kwa kreni asubuhi, saa nne. Hapakuwa na upepo. Bahari ilikuwa imelala kama mafuta kwenye sahani, na ukungu ulikuwa umekaa juu yake, mwembamba, hauendi wala haurudi.

Mpaka rasini injini zilikwenda vizuri. Zdravko alishika usukani, akasifu, akapiga mluzi. Kisha akakata kona ili warudi, na injini zote mbili zikazimika kwa pamoja. Krsto akachukua ufunguo, akausafisha kwenye suruali, akajaribu, zikawaka. Zdravko akageuza pua kuelekea mjini, zikazimika. Wakajaribu mara tatu. Mara ya nne Krsto alikuwa bado ameshika ufunguo kiganjani, boti inaelea, pua inajizungusha pole pole kuelekea magharibi, na ilipokwisha kuelekea huko injini zikawaka zenyewe.

Zdravko akacheka, akasema nyaya zimegusana. Krsto hakucheka. Waliingia kwenye ukungu kwa mwendo ule ule ambao yeye alikuwa akiutumia Jumapili, usio wa haraka, kwa sababu Perina hakupenda nywele zake zivurugike.

Baada ya nusu saa geji ikalala kwenye sifuri. Zdravko akaipiga kwa kidole. Baadaye akafungua tangi, akachovya kijiti, akakitoa kikavu. Akakinusa, akakichovya tena, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akaja kukaa, na ule ucheshi ulikuwa umemtoka.

"Mjomba, kitu hiki kinatembea kwa nini?"

Krsto alikuwa anatazama mbele, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Nilikuwa nazo," akasema.

"Nini?"

"Pesa za petroli. Julai ile. Nilikuwa nazo mfukoni. Nilikuwa nimeshaamua kuiuza boti, sikumwambia mtu. Nikahesabu: nikimpeleka, saa zitapanda, zitafika mia sita na kumi na tatu nukta nane. Nikasema mia sita na kumi na moja inauzika vizuri zaidi. Petroli niliisingizia tu."

Zdravko alivua kofia, akaiweka magotini. Kwa miaka mingi alikuwa ameona watu wakificha ufa kwa rangi na kutu kwa grisi, lakini hajapata kumsikia mwenye boti akisema jambo kama hilo, tena kabla ya kulipwa.

Tratica ilitokea ghafla ubavuni mwao, mizeituni ikiwa ya kijivu ndani ya kijivu. Boti ilipunguza mwendo bila mtu kugusa chochote, ikajisogeza kando ya kijigati cha mawe, ikakigusa kwa upole kama ng'ombe anayejua zizi lake. Kisha upande wa gatini ukazama kidogo, kama unavyozama mtu mmoja, asiye mzito, anapokanyaga ukingoni ili ashuke. Ukarudi juu. Boti ikayumba mara mbili, ikatulia. Injini zikanyamaza.

Wote wawili walikuwa wameshika vyuma vya pembeni. Hakuna aliyeshuka wala aliyeita. Juu kule, karibu na kibanda, kijiwe kilisikika kikiviringika, kisha kingine, polepole, kama kwenye njia ya mtu anayepanda huku akipumzika.

Wakajaribu ufunguo hadi Zdravko alipochoka. Kuelekea mjini hazikuwaka, wala kuelekea kwingine. Zilikuwa sasa injini mbili zisizo na mafuta, kama injini nyingine yoyote duniani. Ilikuwa saa nane walipomsikia Bartul, mvuvi, akitoka kutazama nyavu zake, na Krsto akapiga miunzi mpaka akawaona. Bartul aliwarushia kamba huku akiwachamba: wenye boti za kifahari wanakuja kuokolewa na dizeli ya wavuvi, ile ya bluu, ya bei nafuu, iliyoruhusiwa kwa uvuvi tu, na laiti wakubwa wangejua wangemtoza faini kwa huruma yake. Krsto aliifunga kamba puani.

Walipokwisha kutoka kwenye kijigati kiasi cha kurusha jiwe, Bartul akageuka, akainua kidevu kuelekea nyuma yao.

"Na yule mama hamumchukui?"

Zdravko akageuka haraka. Alitazama kwa muda, na kile alichokiona au asichokiona hakukisema. Krsto hakugeuka.

"Anakaa pale," akamwambia Bartul. "Ni kwao."

Bartul akaguna, akarudi kwenye usukani wake. Watu wengi walikuwa wanarudi visiwani siku hizi, mjini nani anaweza kulipa kodi?

Zdravko alivaa kofia yake tena. Akasogea mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya biashara, lakini bila dhihaka.

"Mjomba, nisikilize. Chombo kitupu nanunua. Chenye mtu ndani sinunui, hata unipe na gari la kukibebea. Wewe ndiye unayejua. Ameshuka au hajashuka?"

Krsto alijua kinachomsubiri Jumatatu uwanjani. Alijua pia kwamba neno moja lingetosha kumrudisha mchuuzi huyu bara mikono mitupu. Angeweza kusema hajashuka. Angeipandisha boti safu ya tatu, akaketi ndani yake usiku na mchana, akawasubiri na msumeno wao. Akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini. Kilikuwa baridi, baridi ya chuma tu. Akakiacha kiganja hapo muda mrefu, akisubiri.

"Ameshuka," akasema.

Zdravko akampa mkono, akasema itakuwa elfu tano badala ya sita, kwa sababu ya kuvutwa. Krsto akaupokea mkono ule bila kubishana, na mbele yao Bartul akaongeza mwendo kidogo, kamba ikakaza.