Maziwa Yaliyokumbatiwa

Kwanza niungame, nisije nikaonekana mtakatifu: siku Shangazi alipokataliwa maziwa yake mara ya kwanza, nilicheka. Tena si kucheka tu. Nilipaza sauti nikasema labda ng'ombe wake alilala mdomo wazi, mvua ikamnyeshea mpaka kiweleni. Foleni nzima ikaangua kicheko. Na mimi ndiye niliyekalia dawati la chuo miaka miwili nikifundishwa habari za mifugo, nikapewa na cheti chenye mhuri. Katika watu wote pale, mimi ndiye niliyepaswa kujua. Nilikosea. Nimeshasema, sasa nikae pembeni, maana habari hii ni yake.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kijijini, ila kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa mjane mwembamba kama mpini wa mwiko, na kipupwe cha mwaka ule kilikuja kama kilichotumwa kwake yeye. Asubuhi nyasi zilikuwa zimeganda, zinavunjika chini ya viatu kama biskuti. Ukifungua bomba, linakohoa mara mbili, linanyamaza. Kuni mbichi, kila jiko linafuka moshi, kila mtu macho mekundu utadhani kijiji kizima kimefiwa.

Ng'ombe wake alikuwa mmoja tu, mwekundu, mwenye kiburi cha mke wa diwani. Ukimgusa chuchu na vidole vya baridi anakutandika teke bila kuuliza wewe ni nani. Kwa hiyo kila kulipopambazuka Shangazi alitia mikono kwapani, akaruka-ruka zizini mpaka vidole virudi uhai, ndipo akakamua. Ndama alikuwa mkubwa, kwa hiyo alikamua mara moja tu kwa siku, asubuhi. Lita sita. Akishafunga keni, aliiingiza ndani ya koti la marehemu mumewe, akafunga vifungo juu yake, akaikumbatia kwa mikono miwili na kushuka nayo kituoni, pale chama kinapokusanyia maziwa. Maziwa yalikuwa bado ya moto kutoka kwa ng'ombe, na hiyo ndiyo ilikuwa stovu yake ya njiani. Wenye midomo walisema mjane ana mimba ya bati.

Wenzake hawakuwa na mambo hayo. Wao walikamua jioni na asubuhi. Ya jioni waliyaacha nje juu ya ukuta usiku kucha, asubuhi wakayachanganya na mapya, wakaning'iniza keni kwenye mpini wa baiskeli, upepo ukayapuliza kilomita tatu nzima. Yalifika kituoni baridi kama pua ya mbwa.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha sakafu ya saruji, tangi la chuma katikati, meza mlangoni. Juu ya meza kulikuwa na mtungi mrefu wa kioo, na ndani yake kilielea kile kidude kinachoitwa laktomita: kijiti cha kioo chenye tumbo chini na mistari shingoni. Unamimina maziwa, unakitumbukiza. Maziwa mazito yanakibeba juu. Maziwa yaliyotiwa maji yanakiacha kizame. Kikizama kupita mstari mwekundu, chukua keni yako urudi nayo nyumbani. Ukirudishwa mara tatu katika msimu mmoja, jina linafutwa kwenye chama, na lori la maziwa halikujui tena. Na lori lilikuwa moja tu.

Aliyetumbukiza kidude hicho alikuwa kijana wa makamo aliyevaa koti jeupe lililokwisha kuwa la kijivu. Walimwita Daktari. Alihudhuria semina ya siku moja, akala chakula cha mchana, akarudi mtaalamu. Nyuma yake kila asubuhi alisimama Mwenyekiti wa chama, jaketi la ngozi, glavu za ngozi, skafu imezungushwa mara tatu, mtu asiyewahi kuonekana amechutama chini ya ng'ombe tangu achaguliwe. Maziwa yake yaliletwa na pikipiki, keni tatu kubwa, zikapita mbele ya foleni. Na tumsifu anapostahili: majani yalikauka, ng'ombe wa watu wote wakapungua maziwa, wa kwake hawakupungua hata kibaba. Walikuwa ng'ombe wenye itikadi.

Mara ya kwanza kidude kilipozama kwenye maziwa ya Shangazi, yeye mwenyewe alidhani ni mzaha.

"Tumbukiza tena, mwanangu."

Daktari akatumbukiza tena. Kikazama tena.

"Shangazi, maji haya," alisema Daktari kwa sauti ya kutangaza msiba.

"Maji yametoka wapi? Bomba langu lina siku nne halijatoa hata tone!"

"Basi ni ya kisima," akadakia Mwenyekiti, na hapo ndipo mjinga mmoja akatoa ule utani wa ng'ombe na mvua.

Mara ya pili hakuna aliyecheka. Kucheka ni kwa watu wanaodhani umekosea. Wakishaamua kwamba wewe ni mwizi, wanakaa kimya wanakutazama viatu. Mwenyekiti alimwagiza Daktari ajaze chupa moja kwa maziwa yale, akaandika juu yake namba ya uanachama ya Shangazi, akaiweka dirishani upande wa kivuli.

"Ushahidi," alisema. "Kesho asubuhi wanachama wote wataona. Chama hiki hakitachezewa na mtu mmoja mwenye tamaa."

Njiani kurudi, wifi yake, dada wa marehemu, alimkimbilia akamshika kiwiko. Shangazi moyo ukamtulia kidogo. Alau damu ya mumewe.

"Wifi yangu," alinong'ona yule mama huku akitazama nyuma, "mimi sikulaumu. Hali ni ngumu. Lakini na wewe umezidisha! Ungetia kidogo tu, kikombe, vikombe viwili. Watu wana kiasi, wifi."

Shangazi alisimama katikati ya njia.

"Kwa hiyo wewe unatia?"

"Nani? Mimi? Nimesema watu!" Wifi akavuta khanga mpaka puani, akakata kona kama hajawahi kumjua.

Siku ile Shangazi alikunywa maziwa mpaka akachoka, mengine akampa ndama, mengine yakaganda sufuriani. Alikaa jikoni akiitazama kadi yake ya chama. Hakuwa na shamba la maana, hakuwa na mtoto wa kumtumia chochote. Alikuwa na yule mwekundu mwenye mateke, na ile kadi. Kesho wakimfuta, itambidi amuuze ng'ombe kabla majani hayajaota, kwa bei ya mtu aliyeshikwa shingo, na katika kijiji kile atabaki yule mama aliyeuza maji.

Asubuhi hakuongeza wala hakupunguza. Alitia mikono kwapani, akaruka, akakamua, akafunga keni, akaikumbatia, akashuka.

Alikuta watu wamejaa kuliko siku zote. Waliokuwa wakituma watoto walikuja wenyewe. Kuna mmoja alikuja na kigoda. Hata yule fundi wa baiskeli, ambaye hana ng'ombe, hana mbuzi, hana hata paka, alikuwepo mstari wa mbele, mikono mfukoni, anasubiri.

Keni tatu za Mwenyekiti zilikuwa zimeshapimwa, zimepita, zimepangwa kando ya tangi zikingoja kumiminwa. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amepanda juu ya kreti ili aonekane, ingawa alikuwa mrefu tayari.

"Ndugu wanachama," alianza, mvuke ukimtoka kinywani kama treni ya zamani, "chama ni uaminifu. Uaminifu ni chama. Sasa kabla hatujapima maziwa ya leo ya huyu mama, nataka kila mmoja aone kwa macho yake kile alichotuletea jana. Daktari! Ushahidi!"

Daktari akaitoa chupa dirishani. Akaitikisa ili mafuta ya juu yachanganyike, akamimina kwenye mtungi wa kioo, akatumbukiza kidude kwa madaha, vidole viwili, kidole cha mwisho kimenyooka.

Kidude kikaelea.

Hakikuelea kwa kubahatisha. Kilisimama juu, shingo nje, mstari mwekundu ukaonekana hata na aliyekaa kwenye kigoda.

Daktari macho yakamtoka pima. Akakisukuma chini kwa kidole. Kikapanda tena.

"Si umesema yana maji?" aliuliza fundi baiskeli, aliyekuwa amekosa starehe yake.

"Chupa imebadilishwa!" alisema Mwenyekiti.

"Nani aibadilishe?" Shangazi aliuliza. "Ufunguo wa chumba si unao wewe?"

"Basi... basi ni hitilafu ya kiufundi."

"Ya kiufundi au ya kichwani, Mwenyekiti?" sauti ikatoka nyuma, na mwenye sauti akainama haraka.

Shangazi aliweka keni yake mezani. Akanyoosha mkono kuushika ule mtungi, autazame vizuri, akaurudisha mkono upesi. Kioo kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akaweka kiganja kimoja kwenye keni yake, kingine kwenye mtungi, akabaki hivyo, kama mganga anayelinganisha wagonjwa wawili. Watu walidhani amechanganyikiwa.

"Mwanangu," alimwambia Daktari, "pima haya ya leo."

Daktari akapima. Kikazama kama juzi, kama jana.

"Mnaona?" Mwenyekiti akachangamka. "Mara ya tatu! Andika jina!"

"Ngoja kuandika. Chukua haya haya, uyaweke kwenye karo la maji pale nje. Usiyaondolee macho. Wote tuyatazame. Lori halijafika."

"Hatuna muda wa—"

"Muda wa kusimama juu ya kreti ulikuwepo," alisema yule wa kigoda, ambaye nadhani alitaka tu onyesho lisiishe mapema.

Basi mtungi ukazamishwa mpaka shingoni kwenye karo, maji yake yana ngozi ya barafu pembeni. Watu thelathini wazima, wenye akili zao na kazi zao, wakasimama wakitazama maziwa yakipoa. Mtu akajamba, hakuna aliyecheka. Nusu saa ikapita. Daktari akatumbukiza.

Kikaelea. Shingo nje.

Minong'ono ikapita kwenye foleni kama upepo kwenye mahindi. Daktari akainama kwa Mwenyekiti, akajaribu kunong'ona, lakini chumba cha saruji hakina siri.

"Mwenyekiti, pale semina walisema... kwenye boksi kulikuwa na kipimajoto. Na karatasi ya kujumlisha namba kufuatana na joto la maziwa. Wewe ndiye uliyesema kisinunuliwe kingine, kile kilipovunjika juzijuzi."

Ni kweli alisema. Watu walikumbuka hata maneno yenyewe, kwa sababu siku ile walimpigia makofi: *Baridi tunaiona wenyewe, ndugu wanachama, ya nini kuipima?*

Mwenyekiti akashuka kwenye kreti. Alifanya haraka kupata sura nyingine, na ukitaka kujua kwa nini watu wa namna ile huchaguliwa, ilikuwa pale: aliipata.

"Ndugu wanachama! Haki imetendeka! Mama yetu mpendwa amesafishwa mbele ya wote. Daktari, futa zile alama mbili. Mimina maziwa yake tangini. Tumpigie makofi Shangazi!"

Wakapiga. Glavu za ngozi zilipiga kwa nguvu kuliko zote. Wifi alisogea akamkumbatia, akasema, "Mimi nilijua! Nilijua tangu mwanzo," na Shangazi akasimama ndani ya kumbatio lile kama gogo.

Angeweza kwenda nyumbani. Jina lake lilikuwa limerudi, kadi ilikuwa mfukoni, jiko lilikuwa linamngoja. Lakini alikuwa anawaza, na alipowaza midomo yake ilicheza kama anayehesabu mishono.

"Daktari," alisema, "nielewe mimi mwenye kichwa kizito. Yakiwa moto, kinazama. Yakipoa, kinaelea."

"Ndiyo, Shangazi."

"Yale yale. Hayakuongezwa kitu."

"Hayakuongezwa."

"Kwa hiyo baridi inayapandisha cheo."

"Tunaweza kusema hivyo."

"Sasa maziwa yaliyotiwa maji, yakalazwa nje usiku kucha juu ya ukuta..."

Makofi yalikuwa yamekatika kama yaliyokatwa na panga. Wifi alikuwa wa kwanza kukohoa. Mtu mmoja akakumbuka kwamba ameacha moto jikoni, lakini keni yake ilikuwa bado kwenye foleni, akabaki amesimama nusu anaondoka nusu anakaa. Wengine wakazichungulia keni zao kama wanaziona kwa mara ya kwanza. Yule wa kigoda akasimama, akakitia kigoda kwapani.

Shangazi akapita katikati yao mpaka ndani, akasimama mbele ya zile keni tatu kubwa zilizopangwa kando ya tangi. Akaweka kiganja juu ya ya kwanza, akakiondoa, akakipuliza.

"Mwanangu Daktari," alisema kwa upole, "kuna jiko la mafuta hapo chini ya meza, la kuchemshia maji ya kuoshea. Naomba uliwashe. Tuchote kidogo tu katika haya ya Mwenyekiti, tuyapashe mpaka yawe kama yangu, halafu tuyapime."

Daktari aligundua kifungo cha koti lake kimelegea, akaanza kukishughulikia. Mwenyekiti alikuwa anakaza skafu. Nje, kutoka mbali barabarani, lori lilisikika likibadilisha gia kupanda kilima, na watu wote wakageuza shingo kulitazama kama hawajawahi kuona lori.

"Kibiriti ninacho mimi," alisema Shangazi. "Nani anishikie sufuria?"