Fyuzi na Nyuzi

Gitaa la Obonyo halikuwa na ugonjwa wowote, na nilimwambia hivyo siku ya kwanza aliponiletea kibandani kwangu Nateete. Alikataa. Alidai nyuzi nyembamba zimekufa, sauti imefunikwa blanketi, nimbadilishie pikapu. Zulaikha, anayeshona nguo mlango wa pili, aliuliza tangu lini natengeneza magari. Nikamwonyesha zile sumaku mbili zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, zinazokaa chini ya nyuzi na kuidaka sauti. Akasema kumbe, akarudi kwenye cherehani yake.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini mteja akishikilia lake nashindwa. Niling'oa zile za zamani, zenye sauti tamu ya kumtoa mtu machozi, nikafunga mpya zenye ukali. Baada ya wiki mbili akarudi. Bado blanketi.

Tangu kabla ya mambo ya gitaa tulikuwa tumezoeana kwa utani. Obonyo ni Mjaluo wa Kisumu, mimi Mnubi, na kila mmoja alikicheka Kiswahili cha mwenzake. Nikimwambia saa sita, anakuja saa tisa. Nilimtuma fyuzi duka la jirani, akaniletea nyuzi. Alisema Kiswahili chetu ni cha kambini, babu zetu askari walijifunza wakipigiwa kelele za kwata. Nikamjibu kwamba Wajaluo hata “sh” inawashinda. Mwaka mzima tulicheka, na leo kicheko kile kinaniuma.

Safari ya tatu alikuja bila utani. Valarie, kiongozi wa bendi yao inayopiga hotelini Ntinda, alikuwa amemwambia sauti ya gitaa lake imekuwa mbaya, watu wanalalamika, na kama halijatengemaa kufikia mazoezi ya Ijumaa asirudi tena. Obonyo akaona ni lile lile blanketi.

“Miaka ishirini na minane nasimama kando ya ngoma na spika,” alisema. “Kazi ingine sijui. Niondolee hii blanketi, Jibril.”

Nilimhurumia, na huruma ikanifanya mjinga. Waya mwembamba vile haupatikani ovyo Kampala, kwa hiyo nilizifumua zile pikapu zake za zamani, nikatumia waya wake kutengeneza nyingine zenye mizunguko michache, maana mizunguko ikipungua ukali unazidi. Kazi ile ilinichukua siku mbili, macho yakinitoka maji.

Alhamisi mchana akaja. Nikachomeka gitaa, nikafungua spika hadi mwisho. Ikatoa mluzi mkali hata meno yakaniuma. Zulaikha aliacha kushona, akajitia vidole masikioni. Obonyo alikuwa ameinama, sikio lake karibu kabisa na spika, ametulia, anangoja.

“Umewasha?” aliuliza.

Nilizima. Fyuzi, nyuzi, sita, tisa, vyote vilinirudia kwa pamoja. Mwaka mzima mtu alikuwa anapoteza masikio mbele yangu, na mimi nacheka kabila lake.

“Si gitaa, ndugu yangu,” nilisema. “Ni masikio.”

Alitabasamu. “Kiswahili chenu hicho. Sema tena.”

Nilishika sikio langu, nikatikisa kichwa. Hapo akageuka, akamwona Zulaikha mlangoni, vidole bado viko masikioni. Tabasamu likafutika. Alikaa kwenye kigoda changu, gitaa mapajani, akauchuna uzi mwembamba kuliko wote. Akauchuna tena, akiutazama unavyotetemeka. Nilitamani anitukane.

“Basi nirudishie zile za zamani,” alisema mwishowe. “Watu walizipenda. Hata nisiposikia, mikono inakumbuka.”

Nilivuta droo. Zilikuwa zimebaki sumaku mbili tupu, bila hata kipande cha waya. Nilimwambia nimezifumua. Akaniuliza nimesemaje. Ikabidi nirudie, na nirudie tena, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, mpaka majirani wote wakajua nilichomfanyia kabla yeye mwenyewe hajajua.